Safari ya Derema: Mmea wa Sebuleni na Hewa ya Nyumba

Katika nyumba nyingi za miji yetu upo mmea mmoja ambao wenyewe hawalijui jina lake. Majani yake ni marefu, yenye kijani kilichokolea, yamelizunguka shina kama majani ya mhindi mchanga, na pengine yana michirizi myeupe tangu kikonyoni hadi nchani. Huwekwa pembeni mwa sebule, nyuma ya kochi, nao hustahimili kiza na kusahauliwa kunyweshwa maji. Wataalamu wa mimea waliuita Dracaena deremensis, na neno hilo la pili maana yake ni "wa Derema". Na Derema si mji wa Ulaya wala wa Marekani. Ni mahali katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, katika Mkoa wa Tanga.

Aliyeutolea jina hilo ni Adolf Engler, mtaalamu mkubwa wa mimea wa Ujerumani, mwaka 1902. Wataalamu wa leo wameuhesabu kuwa ni kitu kimoja na Dracaena fragrans, mmea unaoota katika sehemu nyingi za Afrika yenye joto na mvua, na ambao ni wa ukoo mmoja na masale, yale majani ambayo ndugu zetu wa Kilimanjaro huyapeleka kuomba msamaha na huyapanda mipakani. Walakini wauza maua wa dunia wangali wakiliandika jina la Derema juu ya vyungu vyao, hata katika miji ambayo hakuna mtu awezaye kukuonyesha Muheza katika ramani.

Sisi tulipolifahamu jambo hili tulitamani kwenda kupaona. Wala haikuwa udadisi wa jina peke yake. Mmea huu ni miongoni mwa ile iliyojaribiwa Marekani katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, na kutokana na uchunguzi huo ndipo ilipoenea duniani kauli kwamba chungu cha maua chumbani husafisha hewa ya nyumba. Kauli hiyo sasa imetufikia. Pita kando ya barabara za Dar es Salaam penye vitalu vya maua, utaisikia kwa muuzaji kabla hujauliza bei. Tukaona ni haki tuutazame mmea kwao ulikotoka, kisha tuipime kauli yenyewe.

Safari yetu tuliianzia Tanga mjini, tukafikia kwa jamaa zetu mtaa wa Ngamiani, ule ambao barabara zake huitwa kwa namba. Aijuaye Ngamiani ya zamani aijua nyumba yake: baraza mbele, mlango wa katikati, ukumbi mrefu uliopasua nyumba hadi nyuma, vyumba kulia na kushoto, kisha uani. Huko uani ndiko kuliko na jiko na choo na maji, na aghalabu mwarobaini au mkomamanga mmoja, na makopo ya mrehani yaliyopangwa ukutani. Mlango wa mbele na wa uani ikifunguliwa, upepo wa bahari huingia huku ukatokea kule, na ukumbi mzima ukawa kama umefagiliwa. Ama moshi wa kuni, huo ulikwenda zake juu bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya namna hiyo, lakini imebadilishwa. Uani kumejengwa vyumba vya kupangisha, kwa kuwa maisha ni ghali na wapangaji hawakosekani. Jiko limeingizwa ndani, mkabala na chumba cha kulala. Madirisha ya mbao yameng'olewa, na mahali pake pametiwa ya vioo vya kusukuma, ambayo kwa asili yake hayawezi kufunguka zaidi ya nusu, na hata hiyo nusu hufungwa kwa kuchelea vumbi na mbu na wezi. Sebuleni tulihesabu vyungu vinane vya maua, na viwili katika hivyo vilikuwa vya mmea wetu wa Derema.

"Shangazi," tulimwuliza mwenye nyumba baada ya kuamkiana, "maua haya yote umeyapenda lini?"

"Wanangu, haya si ya pambo," akatujibu. "Yule kijana wa maua aliniambia yanafyonza sumu ya hewa. Na huyu mjukuu wangu kifua hakimwachi. Kila wiki mbili tumo njiani kwenda kwa daktari. Nikasema, basi, labda haya yatamsaidia."

Mjukuu mwenyewe, mtoto wa miaka minne, alikuwa mkekani akicheza na vifuniko vya chupa, na kila mara tulimsikia akikohoa kikohozi kikavu.

"Na mkaa mnapikia wapi?"

"Humu humu, gesi ikiisha. Na gesi haikai mwezi. Mvua ikinyesha nitapikia wapi, wanangu, na uani ndio huo hakuna tena?"

Tukanyamaza, maana swali lake lilikuwa na haki kuliko letu. Usiku ule ilinyesha, na wali tulioukirimiwa ulipikwa juu ya mkaa hatua sita kutoka mahali alipolala mtoto.

Sasa yatupasa tueleze uchunguzi huo wa Marekani ulikuwa nini, kwa sababu wengi wanaoutaja hawaujui. Katika miaka ya 1970 mafuta yalipanda bei mno, na Wamarekani wakaanza kuziba majumba yao ili joto la ndani lisipotee wakati wa baridi. Kila ufa ulitiwa gundi, na madirisha ya maofisi yakajengwa yasifunguke kabisa. Haukupita muda watu waliokaa ndani wakaanza kulalamika maumivu ya kichwa, macho kuwasha na koo kukauka. Ikajulikana kwamba mbao za kubandikwa kwa gundi, mazulia, rangi na samani mpya hutoa mvuke wenye madhara, mmojawapo ukiitwa formaldehaidi, na mwingine benzini. Zamani mvuke huo ulitoka nje pamoja na upepo. Nyumba ilipozibwa, ukabaki ndani na watu.

Nao NASA, idara ya Marekani ya safari za anga, walikuwa na haja yao wenyewe, kwani chombo cha angani ni nyumba isiyo na dirisha la kufungua. Mtaalamu wao aitwaye B. C. Wolverton, pamoja na wenziwe katika kituo cha John C. Stennis huko Mississippi, wakishirikiana na chama cha watu wa biashara ya bustani na mimea ya mapambo, walichukua mimea ya chunguni wakaitia ndani ya masanduku maangavu yaliyofungwa barabara. Kisha wakaingiza mvuke wa sumu kwa kipimo, na baada ya saa 24 wakapima uliobaki. Mmea wa Derema ulikuwamo, wa aina mbili, na ulifanya kazi yake vyema. Sumu ilipungua. Wakaona tena kwamba sehemu kubwa ya kazi haikuwa ya majani, bali ya udongo na vijidudu vilivyo mizizini, na kwa hiyo wakashauri udongo uchanganywe na makaa maalumu na hewa isukumwe humo kwa feni.

Hayo yote ni kweli. Lakini msomaji azingatie maneno haya: masanduku yaliyofungwa barabara. Kisanduku kimoja hakikutimia hata mita moja ya ujazo, hakikuwa na mlango wala ufa, na sumu iliingizwa mara moja tu. Hakuna aliyekuwa humo akikaanga samaki.

Asubuhi tulipanda basi la Muheza, yapata kilometa 35, kwa njia iliyopita baina ya minazi na michungwa, na Muheza tukapata gari la kupanda Amani. Barabara ni ya udongo, na mwendo ni wa kilometa 30 na kidogo, lakini hizo kidogo ndizo zilizotutoa jasho. Hadi Sigi ardhi ni tambarare. Hapo pana stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, ambayo treni yake ilikwisha zamani, na jengo lake sasa ni pahala pa kuwapokelea wageni wa hifadhi. Kuanzia Sigi gari lapanda kwa kupinda na kupinduka, na kila pindo lapunguza joto. Tuliokuwa tukijipepea Muheza tukaanza kutafuta makoti. Dereva akazima redio mwenyewe, hatujui kwa nini, na tukasikia maji kila upande.

Amani iko kiasi cha mita 900 juu ya bahari, na mvua yake hukaribia milimeta 2,000 kwa mwaka. Wajerumani waliweka hapo taasisi yao ya kilimo na elimu ya viumbe mwaka 1902, na bustani ya miti kutoka pande zote za dunia, ambayo kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi katika Afrika. Baadaye Waingereza wakaiendeleza, na ilipohamishwa kazi ya kilimo kupelekwa Kenya, mahali pakawa pa uchunguzi wa malaria. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi ya asili mwaka 1997. Miti mingine ya kigeni iliyoletwa kwa ajili ya bustani ilitoroka ikaingia msituni, ikawa magugu yenye shina la kukumbatiwa na watu wawili. Hayo ni maneno ya mzee aliyetuongoza, ambaye amefanya kazi ya miti tangu ujana wake, na ambaye kila mti wa kigeni aliupita kwa uso wa mtu anayepita kwa mdeni wake.

Mzee huyo ndiye aliyetuonyesha kwanza ua jingine la nyumbani ambalo asili yake ni pande hizi. Kando ya kijito, juu ya jiwe lenye ukungu lisilopigwa na jua, yalikuwapo majani manene yenye manyoya laini, na katikati yake maua madogo ya zambarau. Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika siku za Wajerumani, aliliona akalipeleka kwa baba yake huko kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la Saintpaulia kwa kuwaheshimu hao wawili. Leo limo katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, hali mawe yake ya asili yamebaki machache, kwa kuwa likikosa kivuli cha miti mikubwa hukauka.

"Hili ukilichuma ukalipeleka mjini halifiki," alituambia mzee. "Waliolizoesha vyungu walianza na mbegu. Si kazi ya siku moja, wanangu."

Kutoka Amani hadi upande wa Derema njia hupita katika mashamba ya chai, ambayo kwa mbali huonekana kama zulia lililokunjwa juu ya vilima. Chini ya msitu wakulima walikuwa wakilima iliki, na katika miaka ya 2000 wengi wao waliondolewa kwa fidia ili vipande vya msitu viunganishwe. Habari hiyo ina uchungu wake hadi leo, nayo yahitaji makala yake yenyewe.

Tulipoingia msituni tulitembea kiasi cha nusu saa kabla mzee hajasimama. Tulikuwa tukitazama chini, tukitafuta kitu cha kimo cha chungu. Yeye akaelekeza fimbo yake juu. Mmea wa nyuma ya kochi ulikuwa mti. Ulitupita kwa kimo mara mbili au zaidi, shina lake limejipinda kutafuta mwanga, na majani yale yale tuliyoyajua yamekusanyika nchani kama shungi. Mzee akasema kwamba ukichanua, harufu ya maua yake huanza kusikika baada ya magharibi, na mtu aweza kuufuata kwa pua gizani. Ndani ya nyumba ni nadra kuchanua, na watu wengi wameishi nao miaka ishirini bila ya kujua kwamba una maua.

Tulisimama pale kwa muda. Hewa ilikuwa baridi na nyepesi, na ni rahisi mtu kusema: tazama, miti imeisafisha. Lakini hapo ndipo penye kosa la hesabu linalofanywa na muuza vyungu. Juu yetu palikuwa na majani yasiyo na idadi, tabaka juu ya tabaka, na upepo wa bahari ya Hindi ukipanda mlima mchana kutwa. Ukiondoa jani moja katika hayo ukalipeleka Ngamiani, hulipeleki pamoja na msitu wala pamoja na upepo.

Hesabu yenyewe ilikwisha kufanywa. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, Bryan Cummings na Michael Waring, walikusanya majaribio 196 yaliyofanywa katika uchunguzi 12 wa miaka mingi, wakayapima yote kwa kipimo kimoja: mmea wa chunguni husafisha hewa kiasi gani kwa saa, ukilinganishwa na hewa ambayo nyumba hubadilisha yenyewe kwa kupitia madirisha na nyufa? Jibu lao ni kwamba ili mimea ishindane na mabadilishano hayo ya kawaida, ingehitajiwa baina ya vyungu 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Sebule ya shangazi yetu ni kiasi cha mita 12 za mraba. Kwa hesabu ndogo kabisa angehitaji vyungu 120, na mtoto hangepata pa kuweka mguu, seuze mkeka. Kulifungua dirisha ni bora kuliko hivyo vyote, na halina bei.

Pengine msomaji atasema: basi na ile hofu ya wazee wetu, kwamba mmea chumbani usiku humnyima mtu hewa? Hofu hiyo nayo ina asili ya kweli iliyokuzwa. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliweka kijiti cha nanaa ndani ya chombo kilichofungwa, ambamo mshumaa ulikuwa umezimika, na baada ya siku kadhaa mshumaa ukaweza kuwaka tena. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari wa Kiholanzi, akaonyesha kwamba mmea hutenda hayo kwenye mwanga tu, na gizani huvuta hewa kama tuvutavyo sisi. Lakini kiasi chake ni kidogo mno. Mtu mmoja aliyelala hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko vyungu kadhaa vilivyomzunguka. Anayelala na ndugu zake watatu katika chumba kimoja asiuogope mmea.

Yenye kuogopwa ni mengine. Maji yanayosimama katika visahani vya chini ya vyungu ni kitalu cha mbu wa homa ya dengi, ugonjwa ambao mwaka 2019 uliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam na Tanga. Visahani hivyo vimwagwe, visuguliwe, wala visingojee wiki ya pili. Tena iko mimea ya mapambo ambayo utomvu wake huchoma ulimi na koo la mtoto atakayelitafuna jani, mashuhuri kati yake ikiwa Dieffenbachia, yenye majani mapana yaliyotapakaa madoa meupe. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haifai kuiweka mimea hiyo chini.

Na moshi je? Tumeuacha mwisho, nao ndio wa kwanza. Uchunguzi wa masanduku ulihusu mvuke wa gundi na rangi. Moshi wa kuni na mkaa ni jambo jingine. Humo mna chembechembe ambazo unene wake ni kama sehemu ya 30 ya unywele mmoja, nazo hupita puani zikashuka hadi ndani ya mapafu. Mkaa huongeza kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini ikiwa jiko limeingizwa chumbani na mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba katika mwaka 2020 uchafu wa hewa ya majumbani uliua watu milioni 3.2, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Aghalabu wanaouvuta zaidi ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake. Chetezo cha udi nacho ni mkaa, na ladha ya harufu yake haibadilishi asili hiyo: kifukizwe dirisha likiwa wazi, kisha kitolewe, wala kisiachwe katika chumba cha mwenye pumu.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuzifikisha nyumba 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Hiyo ni habari njema. Lakini gesi ya shangazi yetu "haikai mwezi", na baina ya leo na 2034 ziko masika nyingi.

Jibu moja la swali lake tulilipata mlimani, hatukulitarajia. Tuliporudi kutoka msituni jua likianza kushuka, mzee alitupitisha nyumbani kwa dada yake katika kijiji kilicho kando ya mashamba ya chai. Bibi huyo alikuwa akipika kuni. Tulimwamkia, akatuitikia, "Marahaba wageni wangu, karibuni jikoni, huku ndiko kwenye joto," nasi tukaingia tukiwa tumekwisha kuyabana macho kwa mazoea. Macho hayakuwasha. Mahali pa mafiga palikuwa na jiko la udongo lililofinyangwa kwa mkono, lenye matundu mawili ya sufuria na mlango mmoja wa kuni, na nyuma yake limepanda bomba la udongo lililotoboa ukuta likatoka nje. Juu ya kuta, chini ya paa, ameacha nafasi ya kiasi cha shubiri mbili pande zote, iliyozibwa kwa fito tu ili paka wa mwitu asiingie. Kuni zake hukaushwa miezi miwili darini kabla ya kutumiwa, kwa sababu, alisema, kuni mbichi ndiyo yenye maneno mengi.

Tulimwuliza amelijenga kwa kiasi gani. Udongo ni wa kichuguu, uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Bomba alilifinyanga mwenyewe kipande kwa kipande, na kipande cha juu kilivunjika mara mbili kabla ya kukaa. Kazi ya siku nne, na siku kumi za kulingoja likauke kivulini bila ya kuwashwa, kwani likiharakishwa hupasuka. Sharti jingine ni kulikokoa masizi kila mwezi kwa kijiti kirefu chenye kitambaa nchani, la sivyo bomba huziba na moshi hurudi ndani. Tukaandika vipimo vyote: upana wa bomba ni kiganja kimoja na vidole viwili, mlango wa kuni usizidi urefu wa mkono kutoka kidoleni hadi kifundoni, na ncha ya bomba sharti ivuke ukingo wa paa.

"Yule shangazi yenu Tanga hana ukuta wa nje?" akatuuliza, baada ya kusikia habari ya mjukuu.

Tukamwambia anao, upande wa kichochoro.

"Basi auhamishie jiko ukuta huo," akasema, akaendelea kugeuza ndizi zake. Nje ya mlango wake, katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, aliotesha mrehani.